Siku Nilipoketi Kumsaili Mjukuu Wangu

Aibu hii ni yangu, nami nitaieleza kwa mpangilio: niliyoyasikia nayaweka kando, niliyoyaona nayaapia. Nilisikia (mtaani kwetu Isevya husikika kila kitu, hata ukweli, kwa bahati) kwamba Tabora kazi za ukatibu muhtasi zimekwisha, na kwamba nafasi moja iliyotangazwa na wanunuzi wa asali mjini ilikwisha kupewa mpwa wa meneja. Mjukuu wangu Tekla, mwenye cheti cha uhazili na miaka miwili ya kuwachapia watu barua dukani, akasema hata kwenye usaili haendi. Mimi, mwalimu mstaafu nisiyeamini neno lisilo na shahidi, nikamwambia, "Nenda. Hayo ya mpwa nitayachunguza mwenyewe."

Uamuzi huo ndio ulioniponza.

Nilivaa suti, nikabeba jalada (ndani mlikuwa na gazeti tu), nikamtangulia. Mlinzi akaniamkia shikamoo, nikaitikia kwa uzito, naye, kwa ile adabu yetu ya kutomhoji mzee, akanifungulia chumba ambamo meneja (mama wa makamo) na mhasibu wake walisimama kunipokea, wakaniketisha katikati yao na kunimiminia chai. Nilipaswa kujieleza. Lakini kiti kilikuwa laini, na kila mmoja wao, nilivyobaini baadaye, alidhani nimealikwa na mwenzake.

Wasailiwa watatu wakapita nimenyamaza. Wa nne alikaa ovyo, nikamkaripia, "Kaa wima, hapa si kilabuni!" Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaingia Tekla.

"Shikamooni." Akaniona. "Babu! Umefuata nini huku?"

Meneja akatua kikombe. "Kwani mzee, wewe ni nani hasa?"

"Babu yake."

"Mie nikadhani katoka makao makuu!" Mhasibu alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nikaona kazi ya mtoto inazama kwa mkono wangu. Meneja hakucheka. "Binti, keti kwenye kompyuta hiyo. Tuandikie muhtasari wa kilichotokea tangu uingie. Dakika tano."

Alichapa bila kutazama vidole. Meneja akasoma kwa sauti: "Babu wa msailiwa alikutwa ameketi kwenye jopo bila mwaliko. Mbele yake palikuwa na kikombe kitupu. Alipoulizwa, alikiri."

"Hukumtetea babu yako?"

"Sikuona la kutetea, mama."

"Mzee, kuna uongo humu?"

"Hamna."

"Basi weka sahihi."

Nikaweka, nikatolewa hadi kwenye benchi la mlinzi, ambaye sasa ndipo aliponiuliza jina, ukoo na kijiji.

Sitavuka tena kizingiti cha ofisi kabla sijataja nimefuata nini. Kuhusu mpwa, sijamwona hadi leo, kwa hiyo simsemi. Nilichokiona kutoka kwenye benchi ni hiki: wengine wote waliambiwa waende nyumbani wakasubiri simu, Tekla aliitwa ndani mara ya pili, na alipotoka alikuwa ameshika ufunguo wa ofisi.