Magongo Katika Picha ya Kura

Katika picha ya kwanza, shangazi yangu alikuwa ananing'inia hewani. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, ile ya zambarau, na kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Uso ulikuwa umetulia. Lakini mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na ngumi zote mbili zilikuwa zimekazwa zikishika kitu ambacho hakikuwepo. Mpiga picha wa studio moja mjini Nyeri alikuwa ameyafuta magongo yake kwa kompyuta, akajaza nafasi hiyo kwa pazia la buluu, kisha akatukabidhi kazi yake kwa fahari.

"Nimekutolea zile vitu, mama," alisema. "Na hiyo sitakuchaji."

Tata, kama tunavyowaita shangazi zetu huku kwetu, aliishika picha mbali na macho, akaisogeza karibu, halafu akanigeukia.

"Huyu ameanikwa na nani? Ananing'inia kama shati kwa kamba."

"Watu wote hutaka hivyo," mpiga picha alijitetea. "Hata wenye miwani huniambia niwatolee."

"Wakitoka hapa wanaona njia?"

Mpiga picha alicheka, tata akacheka, nami nikacheka. Kisha nikaanza kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo nikaenda nao hadi nyumbani, kwa sababu picha ile haikuwa ya kutundika sebuleni. Ilikuwa ya kupigiwa kura.

Chama chetu cha ushirika cha kahawa kilikuwa kinakaribia kumchagua mjumbe wa kamati kutoka upande wetu, kwenye mashamba yaliyo nyuma ya Gatitu. Miaka ya nyuma wakulima walipanga foleni nyuma ya mgombea mwenyewe. Ikaleta maneno. Mgombea aligeuka, akaona ni jirani gani hayuko nyuma yake, na watu wakakosa kuamkiana msimu mzima. Kwa hiyo safari hii wagombea wangekaa ndani ya ofisi mlango ukiwa umefungwa, na huko nje wakala wa kila mmoja angesimama ameinua picha yake. Mkulima angejipanga mbele ya picha anayoitaka. Picha haishiki kinyongo.

Tata alikitaka kiti hicho kwa jambo moja tu. Mizani ya kiwanda ilifungwa saa kumi. Mwenye vibarua alimaliza kuchuma mapema na kufika kwa wakati. Mwanamke anayechuma peke yake, aliyeanza siku kwa kukamua ng'ombe na kupeleka watoto shule, alifika mlango ukifungwa. Kahawa mbivu ikilala ndani ya gunia huanza kuchacha, na asubuhi karani huikataa. Tata alikuwa amerudishwa nyumbani na gunia lake mara nyingi. Kila alipouliza, aliambiwa kamati italiangalia.

"Basi nitakuwa kamati," alisema.

Mpinzani wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole mwenye shamba kubwa kando ya lami. Hakusema neno baya juu ya tata. Waliosema walikuwa wengine, na walisema kwa huruma, jambo ambalo ni gumu zaidi kulijibu: mama huyu ni mzuri, mwaminifu, lakini kazi ya kamati ni kutembea. Tata alipata polio akiwa mdogo. Ametembelea magongo tangu kabla sijazaliwa.

Mimi ndiye niliyekuwa wakala wake. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, ninaishi kwake, na aliniambia amenichagua kwa sababu ni mrefu. Nilisomea sanaa, na insha yangu ya mwisho ilihusu mikongojo katika michoro na sanamu za kale. Ungefikiri mtu wa namna hiyo angejua la kufanya. Lakini mimi nikipewa jambo dogo hulichambua hadi linakosa umbo. Magongo yakionekana, je, watamhurumia? Yasipoonekana, je, watasema anajificha? Akipigwa picha amekaa, je, si watasema hata kusimama hawezi? Nililala na maswali hayo nikaamka nayo, na tata akanikuta asubuhi nimekaa jikoni mbele ya chai iliyopoa.

"Wewe utachemsha maji kwa mawazo tu, bila kuni," aliniambia. "Nionyeshe hizo picha zako za shule. Labda kuna mtu alishatatua hii shida."

Nikafungua simu. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa Ulaya wa zamani sana. Ombaomba wamekusanyika uani, magongo mafupi yako chini ya kwapa, midomo iko wazi.

"Hawa wanangoja nini?"

"Sadaka."

"Endelea."

Ya pili ilikuwa ya ukutani mwa kanisa. Kiwete ameponywa, amesimama wima, na magongo yametupwa miguuni pake. Nilimweleza kwamba kuna mahali waliopona waliyaacha magongo yao kanisani yakatundikwa ukutani kama shukrani.

"Mungu asifiwe," alisema tata. "Lakini mimi nikitupa yangu leo, kura nitaipiga nikiwa chini."

Ya tatu ilikuwa ya mtakatifu mzee mwenye fimbo yenye kipande cha mti kilichokingama juu, kama mkongojo. Nikamwambia wachoraji walimpa fimbo hiyo ionyeshe uzee wake na pia mamlaka yake, kama wazee wetu walivyokabidhiwa fimbo walipoingia barazani.

"Huyu ningempigia kura," alisema. "Ana uso wa mtu anayefunga mkutano mapema."

Ya nne ilikuwa jiwe lililochongwa Misri ya kale. Mwanamume amesimama na mkewe na mtoto wake mbele ya madhabahu. Mguu wake mmoja ni mwembamba, na kisigino hakigusi chini. Fimbo yake ndefu ameibana kwa mkono karibu na kwapa, kwa sababu mikono imejaa vitu anavyompelekea mungu wake. Tata aliinamia skrini. Alichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Huyu hapewi. Anatoa."

Katika insha yangu nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya jiwe lile, lakini ni pale jikoni nilipoona la kufanya nalo. Katika picha nyingi za kale mkongojo unaonyesha kile ambacho mtu hawezi. Katika chache unaonyesha jinsi anavyoweza. Tofauti iko kwenye mikono: imenyooshwa kuomba, au ina kazi. Na mimi nilikuwa nimemwona tata akichuma kahawa maisha yangu yote. Gongo la kushoto hulibana kwapani na kulikita kwenye udongo. La kulia huligeuza, akaingiza kishikio chake kwenye tawi la juu, akalivuta hadi kifuani na kulikandamiza kwa kiwiko, kisha akachuma kwa mikono miwili. Matawi ambayo wengine huwaachia ndege, yeye huyafikia.

"Nitakupiga picha ukichuma," nilisema.

"Na hizi nguo za shamba? Na gunia kiunoni? Hapana. Mtu akitaka kura huvaa."

"Nguo hawatazikumbuka."

"Wewe hujui watu. Watasema nimetoka kwa shida nikaleta shida kwa mkutano."

Tulibishana siku hiyo yote, na kesho yake pia. Hakuwa anabisha bure. Kwetu picha ni kitu cha heshima. Mtu huoga, hujipaka mafuta, hukopa koti. Kuomba apigwe akiwa na gambuti zenye matope kulikuwa kama kumwomba aende harusini hivyo hivyo. Mwishowe nikamwekea mezani ile picha ya studio. Aliitazama kwa muda.

"Ukinifanya nichekwe," alisema, "utahamia Kiganjo, kule chuo cha polisi, ukaombe uaskari."

Nilimpiga kwa simu yangu, asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka na mwanga ukiwa bado laini. Nilipiga nyingi kupita kiasi, kwa vile kila moja niliiona ina dosari. Mwishowe alisahau kwamba nipo, akavuta tawi, akageuza uso kuniuliza kama nimemaliza. Hiyo ndiyo tuliyochagua. Magongo yote mawili yanaonekana, moja limekitwa na lingine linavuta, na uso wake ni wa mtu aliyekatizwa kazini. Niliipeleka mjini ikachapishwa kubwa kwenye ubao mgumu.

Siku ya uchaguzi wakulima walijaa uwanja wa kiwanda. Wagombea waliingia ofisini, mlango ukafungwa. Wakala wa mwalimu aliinua picha ya suti, tai, na chombo cha maua ya plastiki juu ya meza yenye kitambaa. Nami nikainua yangu, na kicheko kikapita uwanjani kama upepo.

"Hiyo ni picha ya kura ama ni kalenda?" mzee mmoja aliuliza.

"Leo tumeletewa shamba hapa!"

Nikaishika picha kwa nguvu zaidi. Kisha msimamizi wa uchaguzi, mtu aliyetumwa kutoka mjini, akanijia akitikisa kichwa.

"Msichana, hii hapana. Tulisema picha ya mgombea. Hii ni picha ya mtu anachuma kahawa."

"Ndiye mgombea."

"Picha ya mgombea ni uso. Kama ya kitambulisho. Hauna ingine?"

Ile ya studio ilikuwa nyumbani, na hata ingekuwa mfukoni nisingeitoa. Nilijua ninachopaswa kusema, na kama kawaida yangu nikaanza kuyapima maneno. Je, nikimkasirisha? Je, akimfuta kabisa, nami ndiye sababu? Nilimwona akigeuka kuwaambia makarani kitu. Nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe:

"Bwana msimamizi, uso uko hapo. Uwaulize watu kama hawamjui."

Aligeuka. "Sheria..."

"Sheria inasema picha yake, na hiyo ni yake. Haisemi asimame wapi wala ashike nini. Yule wa pale ameshika kitambaa cha meza, hakuna aliyemuuliza."

Watu wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa upande wangu. Wakala wa mwalimu alitazama picha yake kuhakikisha. Kweli, mkono wa mwalimu ulikuwa umeshika kitambaa.

"Tunamjua!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Afisa, tusichelewe, niko na ng'ombe nyumbani."

Msimamizi akapiga filimbi foleni zianze.

Mwanzoni wengi walikwenda kwa mwalimu. Niliziona nyuso zao zikinipita, na sikuthubutu kushusha mikono ingawa mabega yaliwaka. Halafu mama mmoja mwenye sweta ya kijani alisimama mbele yangu, hakujipanga, akakaribia picha hadi nikasikia pumzi yake.

"Anavuta tawi na gongo?"

Mawakala hawakuruhusiwa kuongea na wapiga kura. Nikakodoa macho mbele.

"Si huyu haongei!" alimwambia mwenzake. "Njoo uone. Mimi ile ya juu huacha, mgongo unaniuma. Huyu ameipata."

"Huyu ni yule hurudishwa na gunia kama sisi," mwenzake akajibu. "Jana tu tulikutana kwa njia."

"Basi simama hapa, unangoja nini?"

Wakasimama. Nyuma yao wakaja wengine, wengi wanawake, na wanaume wachache ambao wake zao walikuwa wakiwatazama. Mstari ulifika kwenye matangi ya kuoshea kahawa, ukapinda. Makarani walihesabu wakigusa mabega, wakarudia, kisha mlango wa ofisi ukafunguliwa. Tata alitoka polepole, akautazama mstari wake kabla haujavunjika. Alikuwa ameshinda. Mwalimu alimpa mkono, naye akabana gongo kwapani ili apate mkono wa kumpa.

Katika kikao cha kwanza alipeleka hoja yake ya mizani. Nilimngoja nje, nikiwa nimejiandaa kwa kila namna ya kushindwa. Alipotoka aliniambia wamekubali kupokea kahawa hadi jioni, lakini Jumanne na Ijumaa pekee, na kwa msimu huu tu.

"Siku mbili?" nilisema. "Na msimu ukiisha? Na karani akikataa kubaki? Na wale wasiosikia?"

"Hizo zote ni kazi," alisema. "Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Tembea basi, kahawa iko kwa miti."

Tulishuka shambani pamoja. Alikita gongo moja, akalikamata tawi la juu kwa jingine na kulivuta hadi nilipofikia na mimi. Kwenye mashamba ya jirani kulikuwa na wanawake wengine wamejifunga magunia, wakiitana kutoka mstari hadi mstari. Saa kumi ilitukuta bado tunachuma, na hakuna aliyekimbia.