Jogoo wa Rangi ya Majivu

Nilimnunua yule jogoo Mpwapwa, kwa bwana mifugo mstaafu. Alikuwa kuku wa silki, mdogo, mwenye manyoya laini kama pamba, na rangi yake ilikuwa ya majivu. Sikuwahi kuiona kwa kuku yeyote hapa Chang'ombe, nikaapa kwamba banda langu zima litakuwa la rangi hiyo.

Nikamchanganya na mitetea wangu weusi. Vifaranga wote wakatoka weusi tii.

"Mwanangu, hao wakikua tuwachinje tu," mama mkwe wangu alisema.

"Mama, rangi imejificha ndani yao. Bwana mifugo aliniambia niwarudishe mabinti kwa baba yao."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nikasubiri miezi saba mabinti wakue, kisha nikawaweka pamoja na baba yao kwenye banda la peke yao. Ndiyo kwanza wameanza kutaga vizuri, mbwa akavunja wavu na kumuua yule jogoo. Nililia. Halafu nikanawa uso, nikakusanya mayai tisa yaliyokuwepo, nikamwekea kuku wa kienyeji aliyekuwa ameanza kulalia.

Siku ya ishirini na moja, mama mkwe alifika bandani kabla yangu.

"Njoo uone!" aliita.

Kati ya vifaranga sita, wawili walikuwa wa rangi ya majivu. Mmoja alikuwa tayari ndani ya kanga ya mama mkwe.

"Huyu wangu," alisema. "Wewe hangaika na mwenzake."