Bomba la Sebuleni na Wakwe wa Mollo

Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma nilijenga mwenyewe, na darasa la pili sikumaliza, kwa hiyo mimi si mtu wa aibu ndogondogo. Ila ipo siku moja ambayo mke wangu akiitaja mbele za watu, nakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa, natoka nje.

Miaka ile ya ujamaa, mtaani kwetu Sumbawanga bomba la ndani nilikuwa nalo peke yangu, tena nililiweka sebuleni (jikoni nani angeliona?). Siku hiyo wazee wa kijiji cha Mollo walikuwa wanakuja kumalizia posa ya binti yangu Yustina, na kijana mwenyewe Yustina alimpenda mpaka ugali haupiti, sasa asubuhi hiyohiyo koki ikaanza kudondosha. Duka la ushirika halikuwa na mipira ya koki, lakini siasa si kujitegemea? Nikakata kisigino cha katambuga yangu, kiatu cha tairi, kikatoka kiduara kizuri kuliko cha kiwandani.

"Baba Yustina, funga kwanza koki kubwa kule nje," mke wangu akasema.

"Fundi anayefunga maji ni fundi mwoga."

Koki kubwa yenyewe ilikuwa hapo tu kwenye uzio. Nikatia spana, kichwa cha koki kikaruka kikatumbukia kwenye chungu cha pombe ya ulezi ya wageni, maji yakafumka, nikaziba kwa viganja vyote viwili. Hata tone halikupita. Nikawa najisifu kimoyomoyo, mara nikasikia makofi mlangoni.

Wakwe walikuwa wamefika, wamechuchumaa, wanapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana Wafipa wenye adabu, na mbele yao mzee Kasiano, baba mkubwa wa kijana, ambaye aliwahi kuvunja posa kwa sababu mwenyeji alimwitikia huku anatafuna.

"Karibuni wakwe," nikasema, nimewapa mgongo.

Makofi yakaendelea. "Mwenye nyumba hana mikono," mzee akawauliza wenzake, "au tumekosea mlango?"

Nikamwona Yustina nyuma ya pazia, macho yamejaa machozi.

Nikaachia. Nikageuka, nikachuchumaa, nikapiga makofi, na maji yakapita juu ya kichwa changu yakaichukua kofia ya mzee. Sikuacha, maana salamu haikatwi katikati. Nao kwa sababu hiyohiyo hawakuweza kuinuka, wakabaki wamechuchumaa, wanaitikia, wanalowa, tukaulizana habari za watoto, za ng'ombe na za mahindi, mpaka mke wangu alipoifikia koki kubwa akaifunga.

Mzee Kasiano akaokota kofia, akaikamua.

"Mkwe," akasema, "mtoto tunamchukua. Bomba baki nalo."

Tangu hapo sishiki spana kabla sijaenda mwenyewe hadi kwenye uzio, na wakwe nawapokelea uwanjani. Lakini ule mpira wa katambuga niliufunga jioni ileile, na mpaka leo koki haidondoshi.