Chui wa Nyumba ya Wazee

Mabibi wa kamati walipima utu kwa kidole. Waliingia katika nyumba ya wazee na glavu zao nyeupe, wakapitisha kidole juu ya dirisha, wakakitazama, kisha wakatazamana. Kidole kikibaki cheupe, wazee wanatunzwa vizuri. Kikitoka chekundu, na Élisabethville ya siku zile haikuwa na vumbi la rangi nyingine, basi mamere, sista aliyesimamia nyumba ile, alikuwa na maswali ya kujibu.

Mimi nilikuwa mdomo wao. Nilifundisha kushona kwenye foyer, shule ya kazi za nyumbani ya wanawake, nikijua Kifaransa cha masista na Kiswahili cha kwetu, kwa hiyo Madame la présidente, mwenyekiti wa kamati na mke wa mkubwa fulani wa mjini, alinichukua kila safari ya ukaguzi nimtafsirie. Ningekataa vipi? Kukataa ni neno ambalo sikufundishwa kulitafsiri.

Nyumba yenyewe ilipokea watu waliokwisha kutumika: wanaume waliokuja kutoka mbali kujenga reli na kuchimba shaba wakasahau kurudi, na wajane wasio na mtoto wa kuwapokea. Siku ya ukaguzi walivalishwa mashati marefu yaliyopigwa pasi, wakaketishwa kwenye mabenchi. Madame aliuliza kama wanaishi vizuri. Wote wakajibu, "Tuko bien, mama." Wangesema nini? Kwetu mgeni haambiwi kwamba maharagwe hayakuiva, huku aliyeyapika amesimama mlangoni. Bibi mmoja aliitikia kwa sauti kuliko wenzake kwa sababu alikuwa amekalia kiko chake, na kiko kilikuwa bado cha moto. Madame akaniambia kwamba yule hasa alionekana mwenye furaha.

Katika chumba cha mwisho kulikuwa na mzee wa reli asiyeweza tena kutoka kitandani. Alikuwa mtu wa kaskazini, kule kwenye ziwa kubwa, Mkatoliki wa rozari shingoni. Aliyemtunza alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa vijiji vya hapa hapa, vilivyokuwapo kabla shaba haijapata mwenyewe. Tulipoingia alikuwa anamlisha bukari, ugali wa kwetu, kwa mkono.

"Weye mbuzi, hauyakufa bado?" alimwambia. "Fungua kinywa. Ntakunenepesha, kisha ntakukula."

"Utanikula na meno gani?" mzee alijibu huku anatafuna. "Chui muzee sawa weye, hata panya banakucheka."

Madame aliuliza wanasema nini. Nikatafsiri yote, kisha nikaeleza. Mzee ni wa ukoo wa mbuzi na mama ni wa ukoo wa chui. Chui hula mbuzi, ndiyo maana koo hizo mbili ni watani tangu zamani, hata wawe wametoka pande mbili za nchi na hawajawahi kuonana. Mtani hukutukana nawe hukasiriki, unamrudishia tu.

"Mzaha?" alisema Madame. "Mbona hakuna aliyecheka?"

Hapo alisema kweli, hawakucheka. Anayecheka kwanza ameshindwa, na wale wawili walikuwa wameshindana muda mrefu bila mshindi.

"Muulize mzee kama anapenda kutukanwa."

Nikamuuliza. Mzee alimeza tonge lake kwanza. "Huyu mama akiacha kunitukana," alisema, "njo nani atanizika?"

Nilipotafsiri, Madame akageuka rangi. Alikuwa amesikia kwamba mlezi anamtishia mgonjwa kaburi. Nikaeleza upya, mpaka jasho likanitoka. Katika nyumba ile, asiye na ndugu akifa alichukuliwa na mkokoteni, akazikwa na vibarua wasiojua hata jina lake. Mzee yule hakuogopa kifo, alikuwa amekwisha kupakwa mafuta matakatifu mara mbili na kupona. Aliogopa mkokoteni. Aliniambia mwenyewe kwamba hataki kwenda sawa kisanduku ya sabuni. Lakini mwenye mtani hazikwi kimya kimya. Mtani huutayarisha mwili, hulitazama kaburi, huwatania wafiwa mpaka wanasahau kujitupa chini, na hakuna mwenye haki ya kumzuia.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nililisema polepole kwa sababu ya mabibi. Mtu mzima kuoshwa na mwanamke asiye wake ni aibu kubwa. Yule mama alianza kwa kuiosha aibu yenyewe. Alimwita mbuzi wa kunuka, akamwuliza ukoo wake uliogopa maji tangu lini, na mzee alipokuwa bado anatafuta jibu, alikuwa amekwisha kuwa safi.

"Desturi za porini," alisema Madame kwa upole. Alikuwa mpole siku zote, na upole wake uliniudhi kuliko matusi yoyote.

Mama chui akafukuzwa. Kamati iliandika kwamba nyumba ni safi ila lugha ni chafu, ikamleta mlezi mpya kutoka foyer yetu, msichana wa aproni nyeupe, mwema kabisa, ambaye sina neno baya juu yake. Alisema "tafadhali, baba" kabla ya kijiko na "asante, baba" baada ya kijiko. Mzee alimjibu asante, akafunga kinywa. Kuoshwa alikataa kabisa. Angemvulia nguo vipi binti anayemwita baba?

Tuliporudi kukagua, kidole cha Madame kilibaki cheupe kila chumba. Chumba cha mwisho madirisha yote yalikuwa wazi, na bado harufu ilikuwapo. Mzee amekonda, macho yameingia ndani. Alisema merci kwa kila alichoulizwa.

"Unaona alivyotulia?" Madame aliniambia. Akampa biskuti, na tangu siku hiyo akawa anamtaja mjini kama mzee wake, mwenye adabu kuliko wote.

Nilikuwa na hasira hata nikasahau Kifaransa. Mabibi walipokuwa wanavua glavu, mzee alinivuta nguo. "Mwanangu, enda umwambie ule chui, mbuzi yake inakonda. Aniambie kama atakuya ao hapana, nijue."

Jumapili nilikwenda mtaa wa Katuba nikamkuta mama chui nyuma ya nyumba yake anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimpa salamu ile kama nilivyopewa. Hakuacha kutwanga.

"Mbuzi ya kukonda sikulake," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Anakula?"

"Hapana."

"Banamuosha?"

"Anakataa."

Alitwanga mpaka majani yakawa maji, na machozi yakamdondokea ndani ya kinu wala hakuyafuta. Nami nililia, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa baba yangu wala mjomba wangu. Alipomaliza akajifunga kitambaa kichwani, akaniambia twende.

Mlinzi hakumfungulia, alikuwa na amri ya kamati. Mama akazunguka ua mpaka upande wa dirisha la chumba cha mwisho, akaweka mikono kiunoni.

"Mbuzi ya kaskazini! Banasema unakula biskuti ya bazungu! Unataka nikule nyama ya sukari?"

Dirishani ikatoka sauti nyembamba. "Nani anapiga kelele? Ni chui ao ni paka ya mamere?"

Walirushiana maneno juu ya ua mpaka majirani wakatoka na viti. Mamere, ambaye masikio yake yalikuwa mazima hadi asubuhi ile, alipita na kitabu chake cha sala bila kusikia chochote. Jioni mzee aliomba bukari, akamwambia yule msichana alete na maji ya kuoga, mradi dirisha libaki wazi. Ikawa hivyo kila Jumapili: msichana anaosha ndani, mama anatukana nje, na mzee, akiwa na kazi ya kujibu, hana nafasi ya kuona haya.

Alikufa mvua zilipoanza. Nilimpelekea mama habari mimi mwenyewe. Madame naye alikuja makaburini, na kofia nyeusi, kwa kuwa aliyekufa alikuwa mzee wake. Mkokoteni haukuletwa. Wazee walioweza kutembea walilibeba sanduku kwa zamu, wakipumzika kila hatua chache.

Mama chui alifika peke yake, bila kumsalimu mtu. Alitazama sanduku, akasema, "Mwizi weye, unaenda bila kuaga." Akawauliza wazee mbona wamebeba mbuzi vizuri hivyo, kwani wanampeleka sokoni? Yule bibi wa kiko akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. Madame alinikazia macho, lakini mimi sikufungua mdomo.

Halafu mama akavua viatu, akashuka kaburini. Akalala chali kwenye udongo mbichi, mikono kifuani. Akajigeuza kidogo, akapapasa chini ya mgongo wake.

"Hii kaburi iko na libwe hapa," alisema toka chini. "Huyu mbuzi iko na mugongo mubaya, alibebaka reli. Hatalala."

Wachimbaji walitazamana. Walikuwa wamekwisha kuosha majembe yao.

"Anafanya nini huyo?" Madame aliuliza.

"Anakagua, Madame," nilisema.

Alikaribia ukingo, viatu vyake vikazama katika tope, akatazama chini. Mama alimtazama toka chini, hakuinuka.

"Na ameona nini?"

"Kuna jiwe, mahali pa mgongo."

Madame akawageukia wachimbaji. "Basi walitoe," alisema.

Nikatafsiri.