Hotpoti ya Mwamini

Hapa Kibiti, shughuli ikikosa wali wa nazi wa dada yangu Mwamini, watu huondoka wakinung'unika. Basi mwanamke huyo huyo, kwa mapenzi tu, aliacha nazi. Tangu Mfungo Mosi hadi Rajabu, miezi tisa mizima, hata kuilamba!

Ilianza pale mumewe Mtoro, fundi seremala, alipopimwa akaambiwa damu yake ina mafuta mengi mno. Daktari alimwonya kuhusu moyo, akaongeza kuwa hata mafua makali huweza kumlaza mtu wa hivyo vibaya kuliko wenzake. Dada aliporudi naye nyumbani, mbuzi ya kukunia nazi akaisukuma uvunguni.

"Baba Sabra, ukinyimwa wewe, na mimi sitaki," alimwambia.

Kila asubuhi alichemsha samaki, akamkamulia ndimu, akampakia kwenye hotpoti pamoja na mchicha usio na tone la mafuta. Mtoro akabeba kwenda karakana. Jioni hotpoti ikarudi tupu, na bwana akasema ameshiba, anataka uji tu. Dada alikonda mpaka mashoga wakamtania kwamba mumewe anamfungia stoo. Yeye akicheka. Alikuwa na furaha, maskini.

Rajabu mafua yakaingia karakana. Wote walikohoa. Mwinjuma, fundi mwenzake Mtoro na rika lake, alilala siku mbili akarudi kwenye randa. Mtoro tulimpeleka hospitali hawezi kuvuta pumzi, akawekewa oksijeni. Dada alikuwa anamwomba Mungu asimfanye mjane.

Daktari akatuita. "Mafuta kwenye damu yamezidi yale ya mwanzo," alisema. "Si hilo peke yake lililomwangusha, lakini halikumsaidia."

"Mmechanganya damu za watu!" Dada alimaka. "Huyu namlisha kwa mikono yangu hii!" Sijapata kumsikia akimpandishia mtu sauti namna ile.

Mchana Mwinjuma akaja kumjulia hali mgonjwa, ngozi inang'aa, mzima kama kigongo.

"Pole, shemeji," alisema. "Mungu akulipe. Nadhani chakula chako ndicho kilichonisimamisha."

"Chakula changu kipi?"

"Si cha kwenye hotpoti? Mtoro akifika tu ananikabidhi, mwenyewe anakwenda kwa muuza chipsi na kuku wake. Alisema unajua."

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilitaka kuingia wodini nimshike yule bwana masikio. Dada akanizuia.

"Muache, Sihaba," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimekaa na njaa nikidhani tuko wawili."

Baada ya siku chache Mtoro akatolewa oksijeni, akaruhusiwa kula. Nilidhani dada atamletea maneno. Kumbe kaleta samaki wa kuchemsha, yule yule, kwenye hotpoti ile ile. Akaketi kitandani, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko. Mimi nikajisemea, huenda amesamehe.

Mtoro akatafuna polepole. Akameza, akalamba midomo, akamtazama mkewe kwa mshangao.

"Mama Sabra," akasema, "kumbe huwa unatia ndimu?"

Dada akanipa kijiko mimi, akatoka nje, na huko ndiko alikolia.