Hesabu ya Lori Lililolala

Nakumbuka siku lori letu lilipolala pale daraja la Thuci kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa, na siku niliyoolewa nilivaa viatu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo, mjukuu wangu, unaponiambia umepata trela ya kukodi, kwamba hesabu umeshapiga na faida unaiona, usinikasirikie nikishtuka. Kaa kwanza. Chai ikipoa tutaipasha.

Ulikuwa wakati wa Imajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Sisi tulikuwa Mwimbi, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Embu. Serikali ilikuwa imetuhamishia kijijini, nyumba zimebanana, handaki limetuzunguka, na mtu hatoki getini bila pasi. Mume wangu Mbae, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa maneno matamu na kalamu nyuma ya sikio. Udereva alijifunza kwenye shamba la mzungu. Akafuata kibali cha kubeba maharagwe hadi akakipata, kisha akaenda kwa Mhindi mmoja mwenye duka Embu, akakodi lori lake kwa mwezi. Dhamana ikawa ng'ombe wawili wa mama mkwe wangu. Hao ndio waliobaki katika boma letu, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa akinywa maziwa yao.

Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbae daftari alikuwa nalo, kubwa, lenye jalada jeusi, na mali ikapotea na habari zake zote.

Jioni alipotusomea hesabu, tulikaa kama watu wa kanisani. Magunia mangapi kwa safari, safari ngapi kwa wiki, mafuta, chakula cha taniboi wa kupakia, kodi ya Mhindi, na kinachobaki. Kilichobaki kilikuwa kingi, mwanangu! Mimi kichwani nilikuwa nimeshaezeka mabati. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu wala hakuitamani, aliuliza jambo moja tu.

"Na likilala?"

"Lori halilali, mama. Si mbuzi."

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Yeye hakucheka. "Na watu wa gichiaro utawafanyaje?"

Ninyi wa siku hizi mnalisikia neno hili kwenye mazishi tu. Gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo. Wazee wetu walikuwa wameapa na ukoo mmoja wa Tharaka, kule chini kwenye joto. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi, humwulizi cha nini, na humtozi senti. Ukimnyima, laana haimkosi mtu nyumbani kwako.

"Watalipa kama wengine," Mbae akasema.

Mama alishtuka hadi kibuyu kikamponyoka. Mbae akajirudi haraka, akasema basi atawabeba bure, kwani ni wangapi? Lakini kwenye hesabu hakubadilisha kitu.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri hata tukaanza kujisifu, na mgema akisifiwa unajua tembo hulifanya nini. Siku moja nikapanda na mimi, nina ndizi zangu za kuuza Embu. Mbele kidogo ya Chuka mtu akasimama katikati ya barabara, mkono juu. Alikuwa Mtharaka, jina lake Mugambi. Akasema yeye ni gichiaro wetu na anaomba kufikishwa Embu. Hakuna aliyemwuliza neno lingine. Akapanda juu ya magunia.

Pale darajani kulikuwa na kizuizi. Askari wakatuteremsha.

"Wewe, pasi yako iko wapi?"

Mugambi akapapasa mifuko. Hakuwa nayo. Alipigwa kofi ambalo hadi leo nalisikia, akafungwa mikono, akapelekwa. Mbae alianza kueleza habari za gichiaro, masikini, kwa askari aliyetoka mbali asiyejua hata neno lenyewe linatamkwaje.

"Maneno yako peleka kwa Disii," askari akasema, yaani mkuu wa wilaya. "Hii gari inalala hapa mpaka tuambiwe."

Likalala. Mvua za masika zikaanza na hatukuwa na turubai la maana. Nilipopata pasi ya kwenda kuangalia, mwanangu, nilishika kichwa. Maharagwe yalikuwa yameota. Magunia yametoboka, miche ya kijani imesimama juu ya lori, unaweza kuipalilia. Nililia pale pale mbele ya askari, na mmoja wao akacheka.

Mbae akaenda kumwomba Mhindi apunguze kodi kwa zile siku ambazo lori halikutembea. Mhindi hakuwa mtu mbaya. Alimpa chai. Kisha akamwambia, "Mimi nakodisha gari, bwana. Barabara si yangu. Mwezi ikiisha, leta pesa au leta ng'ombe." Kukopa harusi, kulipa matanga.

Usiku huo Mbae hakula. Asubuhi akaamka na wazo, na uso wake ukawa umechangamka. "Mugambi ndiye aliyetuponza. Na kama sisi hatuwezi kuwanyima, wao pia hawawezi kutunyima. Nitakwenda Tharaka niombe ng'ombe."

Nilimtazama mama mkwe, nikidhani atamkemea. Akasema tu, "Haki hiyo unayo. Lakini nenda na mke wako, aone."

Tuliomba pasi, tukateremka Tharaka kwa miguu, jua linatuchoma, tukafika boma la Mugambi alasiri. Mkewe alikuwa na mtoto kiunoni, mdogo kuliko wangu. Ng'ombe alikuwa mmoja. Kabla hatujakaa akatupa uji, maana gichiaro hafiki akaondoka na njaa, halafu akauliza, "Mume wangu alimkuta mama yake akiwa hai? Alikwenda kumwona hospitali ya Embu."

Mwanangu, niliuweka uji chini. Hatukujua alikuwa anakwenda wapi, na mkewe hakujua kwamba hakufika. Ikabidi tumwambie. Alikaa chini mavumbini, akamshikilia mtoto. Nikasema moyoni, sasa tutaondoka. Nikamsikia mume wangu, baba wa watoto wangu, akisema, "Na mimi nimekuja kuomba ng'ombe."

Sikuamini. Nilitamani yule mama atutukane, atufukuze kwa fimbo. Aliinuka, akamfungua ng'ombe wake, akampa Mbae kamba mkononi. Njia nzima ya kupanda nilitembea nyuma yao, na maziwa yalikuwa yakidondoka kwenye kiwele barabarani.

Tulipofika kijijini mama mkwe alikuja, akamshika ng'ombe kiwele, akaelewa kila kitu. Akamgeukia mwanawe.

"Nilikuuliza lori likilala itakuwaje. Sasa umeona. Likilala linakula, na hili limekula maziwa ya mtoto wa mwenzako."

Mbae akasema atamrudisha. Akaambiwa alichopewa na gichiaro hakirudishwi, hiyo ni kumtemea mtu mate usoni. Basi ng'ombe wa Tharaka akaenda kwa Mhindi kulipa kodi. Kesho yake mama mkwe, na miguu yake ile iliyovimba, akamfungua yule bora kati ya ng'ombe wake wawili, akaomba pasi, akateremka naye Tharaka peke yake. Alikwenda kumpa mke wa Mugambi kama zawadi, bila kuombwa. Mbae alisimama getini akimtazama mama yake akiondoka. Daftari alilichoma mwenyewe, ingawa mimi nasema kosa halikuwa la daftari.

Sasa nisikilize. Trela yako itatembea siku nyingine, na siku nyingine italala: mvua, mgomo, mizani, dereva mgonjwa, mteja aliyeahidi akabadilika. Siku za kulala ziandike kwanza, kabla ya siku za kutembea. Waandike na wale usioweza kuwatoza, maana hata wewe unao, wanakupigia simu kila Jumapili. Kisha jiulize trela ikilala, nani atailisha? Mtu huyo ana jina. Liandike, halafu nenda ukamwulize uso kwa uso kabla hujatia sahihi.

Hesabu yako nimesomewa yote. Hati ya shamba la mama yako imo kama dhamana, na mama yako hajui. Yuko hapo jikoni anakupikia. Inuka uende ukamwambie, na akikataa, ukubali.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe akili ya kuhesabu na moyo wa kuuliza, magurudumu yako yasikwame, na usije ukala cha mtoto wa mwenzako wala wako asiliwe chake. Thaai, iwe amani.