Kaskazi Tulipoufunga Mfereji wa Saba

Kazi yangu ni nyasi. Watu wa kwetu Msambweni wakiniuliza, hujibu hivyo kwa ufupi kisha nikawaacha wacheke. Mama huwaambia majirani kwamba bintiye ni mkulima wa shamba lisilovunwa. Ukweli ni kuwa mimi ni msimamizi wa uwanja wa gofu huko Diani. Nyasi zikiungua na jua, zikiliwa na wadudu, au chumvi ya maji ya kisima ikichoma mizizi, anayeulizwa ni mimi.

Kazi hii ina masomo yasiyokwisha. Ukishapata cheti, huna budi kukihuisha kila mara, maana dawa hubadilika, mbegu hubadilika, na maji ndiyo hayo yanazidi kupungua. Mengi tunayasoma kwenye simu, jioni, watoto wakishalala. Lakini mara moja kwa mwaka wasimamizi wa viwanja mbalimbali hukusanyika mahali pamoja kwa wiki moja ili tuchafue mikono. Mwaka huo mwenyeji nilikuwa mimi. Wenzangu walitoka bara, na mkufunzi wetu vilevile, kutoka huko milimani kwenye baridi. Alikuwa mtu mzima, mlokole, mwenye sauti ya chini, na kila alichokuwa akikisema kuhusu udongo alikisema kwa upole, kama anayemzungumzia mgonjwa aliye chumba cha pili.

Somo letu lilikuwa mabaka makavu. Kuna wakati udongo hukataa maji: unaumwagilia, maji yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba, na nyasi zinakufa kwa kiu huku umezisimamia na mpira mkononi. Ili mabaka hayo yajitokeze tuyaone, mkufunzi aliniomba mapema niufunge mfereji wa maji wa shimo la saba. Kila shimo la gofu lina njia yake, ukanda mrefu wa nyasi fupi ambao mpira hupitishwa kuelekea kwenye kibendera. Ilikuwa kaskazi, jua la kutoboa utosi, na masika bado yako mbali. Meneja alinung'unika.

"Sasa wageni wakipita pale wataona nini?"

"Wataona shule," nikamjibu, nikaufunga mfereji.

Nyasi zikageuka manjano, kisha rangi ya majani makavu ya mnazi. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni mistari. Niliiona asubuhi moja nikipita peke yangu: mistari iliyonyooka, mipana kiasi cha mkono, iliyokufa kabisa katikati ya nyasi zilizokuwa zinakufa polepole. Nilidhani ni mabomba. Lakini mabomba ya uwanja ule nayajua kuliko vyumba vya nyumbani kwangu, na hayapiti pale.

Wenzangu walipofika, mkufunzi alifurahi sana. "Somo limejileta lenyewe," akasema. Akachukua lile bomba la chuma tunalolisukuma ardhini kutolea kipande cha udongo, akalididimiza juu ya mstari. Halikwenda. Likagonga kitu, tukasikia mlio mkavu. Alipolivuta, ncha yake ilikuwa nyeupe. Nilipaka ule weupe kwenye kidole. Chokaa.

"Hapa chini pana ukuta," mkufunzi akasema. "Udongo ulio juu ya ukuta ni mwembamba, hauna akiba ya maji. Ndiyo maana nyasi zake hutangulia kufa."

Mwenzetu mmoja, jamaa mcheshi kutoka Nakuru, alikuwa na kile kidege cha kamera anachokitumia kukagua uwanja wake kutoka juu. Akakirusha, nasi tukamzunguka tutazame kwenye simu yake. Kile kidege kilipopanda, ile mistari ikakutana. Tukaona pembe. Tukaona vyumba. Tukaona kimoja kikubwa kuliko vingine, kina madoa yaliyopangwa safu mbili ndani yake, kama nguzo.

"Eh, nyumba yote hii ni keja ya nani?" jamaa wa Nakuru akacheka.

Kwenye ukuta wa upande wa kaskazini kulikuwa na kijitumbo kilichochomoza nje, nusu duara.

"Hicho ni nini?" mkufunzi akauliza.

"Kibla," nikasema. "Huo ni msikiti."

Hakuna aliyecheka tena. Kidege kikasogea kidogo upande wa mashariki, na hapo tukaona jambo jingine. Katikati ya nyasi zilizokufa kulikuwa na vipande vya kijani, kijani kibichi kabisa, kana kwamba vimemwagiliwa asubuhi ile. Vyote vilikuwa virefu na vyembamba. Vyote vimelala kutoka mashariki kwenda magharibi.

"Na hizi mbona hazijakauka?" mtu akauliza.

Mkufunzi akaanza kujibu kama mwalimu. "Udongo uliochimbwa ukarudishwa huwa laini. Mizizi hupenya chini zaidi, ikafikia unyevu wa..." Alikuwa ameshaelewa anachokieleza.

"Mengine ni makaburi madogo," jamaa wa Nakuru akasema taratibu.

Yalikuwa madogo kweli. Yale madogo yalikuwa yamepangwa safu yake peke yake, yamebanana, kama yaliyochimbwa kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimeganda kwa sababu nyingine. Tangu nianze kazi pale, nilikuwa na mazoea nikipita njia ya saba: nikifika mahali fulani huvua viatu, nikatembea peku kidogo, kisha nikavivaa. Nilijiambia kuwa nausikiliza unyevu kwa nyayo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sifanyi hivyo kwenye njia nyingine hata moja. Sasa niliutazama mwanya uliokuwa kwenye mstari wa ukuta, upande wa kusini, nikaujua. Ni hapo hasa ninapovua viatu. Ni mlangoni.

Sikumwambia mtu.

Adhuhuri ilipokaribia wenzangu walikwenda kula. Mkufunzi alitaka vipande zaidi vya udongo kwa somo la alasiri, nikabaki naye. Alipiga magoti karibu na pale penye kibla, akalididimiza bomba, kisha akainua kichwa.

"Dada, kuna shule hapa karibu?"

"Hakuna, mwalimu. Ni mahoteli tu."

"Basi hao watoto wanasomea wapi?"

Nikasikiliza. Niliusikia upepo kwenye mivinje, na nyuma yake mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. "Watoto gani?"

"Hao wanaoimba pamoja." Akaanza kunionyesha, huku akitikisa kichwa kwa mapigo: "A, i, u. Ba, bi, bu. Ta, ti, tu..."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa Kurani chuoni, tumeketi kwenye mkeka, maalimu ameshika kijiti: herufi na irabu zake, kwa sauti ile ile inayopanda na kushuka, tangu alifu mpaka mwisho. Hata mahali pa kupumua alipapatia, pale ambapo mtoto wa chuoni huvuta pumzi kabla ya herufi inayofuata.

"Mwalimu, umejifunza wapi kuimba hivyo?"

"Siimbi mimi. Nakuonyesha wanavyosema." Akanitazama. "Kwani wewe huwasikii?"

"Siwasikii."

"Bado wanasoma," akasema.

Alikitoa kile kipande cha udongo kwenye bomba, akakirudisha shimoni mwake, akakishindilia kwa kidole gumba polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Akainuka. Muda kidogo baadaye adhana ikasikika kutoka msikiti wa barabarani, upande mwingine kabisa, na yeye akashtuka kama mtu aliyeguswa begani.

Niseme kweli, pamoja na hofu niliona uchungu. Mimi ndiye wa pwani, mimi ndiye niliyekula bakora za maalimu. Kwa nini yule mgeni asikie, na mimi nisikie upepo tu?

Alasiri meneja aliiona picha. Akaniamuru nifungue maji mara moja, nyasi zirudi, mambo yaishe. Nikafungua. Maji yalirushwa njia nzima mpaka jioni, na kesho yake ardhi yote ilikuwa imelowa isipokuwa ndani ya zile kuta. Mle ndani mavumbi yalikuwa makavu.

"Udongo uliokauka sana hukataa maji," mkufunzi akatueleza darasani. "Ndilo somo letu la wiki hii. Si ajabu." Lakini tulipotoka kwenda kutazama, yeye alisimama nje ya mstari, na hakuuvuka.

Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti yako iko hivyo?"

Nikamweleza. Akaniambia atauliza, na akauliza, kwa wakubwa zake na kwa wakwe zake. Mimi nikamuuliza imamu wa msikiti wa barabarani, naye akawauliza watu wake. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kusikia kijiji mahali pale. Mama aliponirudia kwa simu nilidhani atanipoza kwa maneno, lakini akasema: "Kijiji hakikosi mjukuu mmoja wa kukitaja. Labda hawakubakia."

"Hawakubakia akina nani?"

"Wa kubakia, mwanangu."

Siku ya mwisho ya mafunzo kila msimamizi alitakiwa kusimama mbele na kueleza atakavyoyatibu mabaka aliyopewa. Njia ya saba ilikuwa yangu. Tiba inajulikana: unapitisha mashine yenye meno inayotoboa ardhi matundu kwa matundu, unamwaga dawa ya kulainisha udongo, unarudisha maji. Mashine ilikuwa tayari, imeegeshwa kando na mafuta ndani. Meneja alikuja kusikiliza.

Nikasema sitatoboa. Nikasema njia ya mpira ipinde, izunguke upande wa magharibi, na pale paachwe nyasi pori, pasikatwe, pasimwagiliwe, pasikanyagwe.

"Na hiyo ndiyo tiba?" meneja akauliza.

"Hapa hapana mgonjwa," nikamjibu.

Mkufunzi aliniuliza swali moja tu, tena kwa sauti yake ile ya chini: nyasi pori zitashika kabla ya masika? Nikamwambia zitashika. Akaandika alama zangu bila kuinua macho. Meneja hakukubali siku ile. Alikubali baada ya dereva wa trekta kumwambia wazi kwamba hatapitisha yale meno pale, na kwamba amtafute mwingine, na mwingine asipatikane.

Kesho yake imamu na jamaa zake walikuja wakawasomea hitima marehemu wa pale, wameketi kwenye majamvi kando ya kuta zile. Wenzangu wa bara walikuwa hawajaondoka. Nao wakaketi, jamaa wa Nakuru amejitanda taulo la gofu kichwani, hana mzaha hata chembe. Tukanywa kahawa chungu tukala kaimati. Mkufunzi alikaa mwisho kabisa. Nilimtazama usoni wakati wa dua, nikaona ameinamisha sikio upande, kama mtu anayesikiliza sauti mbili kwa wakati mmoja.

Masika yakaja, mistari ikafutika, nyasi pori zikafunga. Wachezaji huisifu njia ya saba kwa ule mpindo wake, hudhani ulichorwa na fundi wa nje. Mkufunzi alinipigia simu baadaye kunijulisha kuwa cheti changu kimehuishwa. Tukazungumza habari za mvua. Kabla ya kukata akaniuliza kama watoto bado wako. Nikamwambia sijui, mwalimu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyewasikia, nikamuuliza kama walikuwa na huzuni. Akafikiri. "Hapana," akasema. "Walikuwa na haraka. Kama wanaotaka kumaliza kabla hawajaitwa."

Mwaka huu somo letu ni kuokoa maji. Tumeagizwa, msimu wa jua, tufunge mifereji njia moja baada ya nyingine, tuone nyasi zinavumilia kiasi gani. Meneja amefurahi, maana maji yameadimika. Uwanja una mashimo kumi na manane, na mpaka sasa ni moja tu tulilowahi kulifungia maji. Kaskazi imeshaanza kuvuma. Kila asubuhi husimama mbele ya zile koki za mifereji, na kila asubuhi hujiambia nitaanza kesho.